Hewa Imekuliwa

Jokébed Kahongya hakununua pipa bila kuligonga kwanza. Aligonga kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, kisha karibu na kitako, sikio lake likiwa limeinama kama la mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Pipa zima lilijibu kwa sauti ndefu. Pipa lililoliwa na kutu lilijibu kwa mkato, na hilo alilisukuma pembeni kwa mguu.

"Docta amefika kupima bagonjwa," wachuuzi wa chuma wa mtaa wa Vulamba, mjini Butembo, walisema kila alipotokea.

Jokébed hakucheka wala hakununa. Aligonga mpaka mwisho, akachagua, akayaviringisha mapipa yake hadi nyumbani, akayasugua ndani kwa mchanga na majivu, na kuyauza kwa watu wa kukinga maji ya mvua. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba miaka mingi, pamoja na ile ya mumewe Ananie, fundi wa kuunga vyuma, ambaye karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati mbele ya ua.

Jokébed alizaliwa Kipese, kwenye baridi ya milimani, kwa wazazi waliolima viazi. Shule aliiacha katikati ya sekondari, mimba ya binti yake Tamar ilipoanza kuonekana chini ya sare. Sasa Tamar alikuwa ameolewa na kupata mtoto wake, na Jokébed alikuwa amerudi darasani. Kulikuwa na kikundi cha watu wazima waliosoma alasiri, wanafunzi wa kawaida wakishaondoka, ili siku moja wafanye mtihani wa Dola, ule wa serikali wa kumaliza sekondari. Waliomuuliza atafanya nini na diploma katika umri ule aliwajibu kwamba hapendi kuacha kitu katikati. Zaidi ya hapo hakuwaeleza.

Ni katika msimu huo wa masomo ndipo habari ya tangi la Beni ilipoingia nyumbani mwake.

Aliyeileta alikuwa Syauswa, kaka mkubwa wa Ananie. Alikaa, akanywa maji, akasema:

"Muzee Vagheni anarudilia kazi. Anataka kuweka mafuta ya mawese mu citerne yake ya Beni. Inaomba mutu aingie ndani, akwangue kutu, aunge fasi yenye kutoboka. Nimeshamuambia ni Ananie."

"Citerne gani?" Jokébed aliuliza.

Syauswa aligeuza kikombe mkononi. "Unaijua, Mama Tamar. Ile."

Aliijua. Watu wote wa barabara ya Beni waliijua. Lilikuwa tangi la chuma lililofukiwa ardhini nyuma ya depo ya Vagheni, mfuniko wake tu ukionekana. Miaka iliyopita, likiwa limefungwa tangu mvua za kwanza, mfanyakazi mmoja aliteremka kulisafisha. Hakutoka. Shemeji yake akaruka kumfuata, naye hakutoka. Walipotolewa kwa kulabu hawakuwa na jeraha, hawakuwa na povu, nguo zao hazikunuka petroli wala dawa. Ndani hamkuwa na chochote zaidi ya vidimbwi vya maji ya mvua. Watu walisema tangi lile linakula. Wakaja watumishi wa Mungu wakaomba juu yake, na maombi yalipokwisha Vagheni aliamuru mfuniko uwekewe mpira wa ndani wa gurudumu na nati zikazwe hadi ufunguo ulie, ili kilichomo kisitoke tena. Muda si mrefu mashambulizi yalifika karibu, Vagheni akakimbilia Butembo, na tangi likabaki vile, limezibwa.

"Yaya, hakuna fundi mwingine?" Jokébed aliuliza, akimwita kwa heshima ya kaka mkubwa.

"Tulikimbia na camion ya nani?" Syauswa alijibu. "Siku ile balichoma kijiji, nani alisimama barabarani akatupakia sisi na mama yetu? Wengine bote balipita."

Lori hilo lilikuwa la Vagheni. Ananie, aliyekuwa akisafisha kucha kwa msumari, aliinua kichwa.

"Nitaenda," alisema. "Chuma ni chuma. Kama iko na meno nitaiona mbele inilume."

Wakacheka, ndugu wawili hao. Jokébed alichukua kikombe cha Syauswa akakiosha, ingawa kilikuwa na maji tu.

Wiki hiyo darasani somo lilikuwa oksidesheni na ridaksheni, au kwa Kifaransa walichosomea, oxydation na réduction. Mwalimu wao, Prof Zacharie, kijana mrefu aliyefuta ubao kwa mkono wa koti, aliandika mistari miwili. Mwenye kupoteza elektroni ameoksidishwa. Mwenye kupokea elektroni amepata réduction.

Darasa likakataa. Karibu wote walikuwa wafanyabiashara, na neno réduction walilitumia kila siku sokoni kwa maana ya kupunguza bei.

"Prof, umegeuza," alisema Solange, mama mwenye duka la vitenge. "Mimi nikifanya réduction, mimi njo napoteza. Sasa huyu anapata réduction na anaongezwa? Duka ya namna gani?"

"Duka yako, Mama Solange," Zacharie alijibu. "Ukifanya réduction, nani anaenda kwake na kitu?"

"Mununuzi. Na anaenda akinicheka."

"Donc amepata. Andika hivi: chuma ni muuzaji, anatoa. Oksijeni ya hewa ni mununuzi, anapokea. Chuma inaoksidishwa, oksijeni inapata réduction. Na hayo mambo mawili yanafanyika pamoja. Hakuna mwenye kutoa kama hakuna mwenye kupokea."

Vicheko vilipotulia Jokébed aliinua mkono. Alikuwa mtu wa kuuliza mara chache.

"Prof, sisi tunasema kutu inakula chuma. Mimi naona pipa yangu ikikuliwa kila siku. Huyu anayekula, akishashiba, anaenda wapi?"

Zacharie alimtazama kidogo. "Haendi popote, Mama. Anabaki ndani ya kutu. Kutu ni chuma na oksijeni, vimeshikana. Ukipima kutu, ni nzito kuliko chuma iliyoifanya."

"Kwa hiyo hewa nayo imekuliwa."

"Sehemu moja ya hewa. Ile tunayoishi nayo."

Ili waone kwa macho, alimwomba Jokébed alete unga wa chuma kutoka karakana ya mumewe, lile vumbi linaloanguka mtu akipiga tupa. Aliulowesha, akaupaka ndani ya chupa ya kioo kinachoonyesha, akaisimamisha chupa hiyo kichwa chini katika beseni la maji. "Tuiache," alisema. "Hakuna mutu aiguse."

Kila alasiri Jokébed alipita kuitazama. Unga ulibadilika, kutoka kijivu ukawa wa rangi ya udongo wa barabara. Na maji yalikuwa yakipanda. Hakuna aliyeyavuta, hakuna aliyeinamisha beseni, lakini yalipanda shingo ya chupa polepole, yakaingia mwilini, yakafika karibu sehemu ya tano ya chupa na kusimama hapo. Kitu kilichokuwa kimejaza nafasi ile hakikuwapo tena. Zacharie aliziba chupa kwa kidole chini ya maji, akaigeuza, akaingiza kijiti chenye moto. Moto ulizimika pale pale mdomoni, bila moshi wa kupigana, kama uliobanwa na vidole.

"Na kama ni mutu?" Jokébed aliuliza.

"Mutu na moto wanaomba kitu kimoja, Mama."

Wenzake walikuwa wanafunga mifuko. Yeye alibaki, akamweleza mwalimu habari ya tangi. Zacharie alisikiliza huku akikausha chupa, na uso wake ulianza kubadilika.

"Sijui," alisema mwishoni. "Chupa ni ndogo. Citerne ni kubwa, na mimi sijaona ndani yake. Lakini kama kuna maji, na kama imefungwa kabisa... Mbele bwana aingie, mushushe mushumaa na kamba. Ukizimika, hapana ingia. Muiache wazi, mupulize hewa, siku na siku."

Jioni hiyo alimweleza Ananie, sahani ya ugali ikiwa kati yao. Alieleza vizuri alivyoweza, kuhusu maji yaliyopanda chupani na kijiti kilichozimika. Ananie alitafuna akimtazama kwa upendo na mashaka.

"Mama Tamar, mimi na chuma tumekaa pamoja miaka. Hajawahi kuninyima hewa."

"Chuma yako inakaa inje, Baba Tamar. Hewa inarudi kila saa. Ile imefungiwa."

"Sawa. Utaleta mushumaa yako. Na mimi nitaleta kidomo changu, tutaona nani atazimika mbele."

Alisema hivyo kuchekesha. Jokébed alisimama akaenda uani, akayatazama mapipa yake yaliyopangwa ukutani, vinywa wazi. Kwa mara ya kwanza hakupenda kuyaona.

Akaamua kwenda nao.

Gari liliondoka Butembo kukiwa na ukungu, Vagheni mbele na dereva, Jokébed, Ananie na Syauswa nyuma pamoja na pampu ya mkono ya kupulizia moto wa makaa, tupa, brashi za waya, kamba nene na mshumaa. Barabara ya Beni ilikuwa na vizuizi vya wanajeshi, na kwenye kila kizuizi watu walishuka, wakaonyesha vitambulisho, wakapanda. Migomba pembeni ya njia ilikuwa imekua mirefu bila kupaliwa, na nyumba kadhaa zilisimama bila milango, nyasi zikichungulia madirishani. Ananie, ambaye alizaliwa karibu na hapo, alitazama upande mwingine.

Depo ilikuwa na ukuta, lango na mlinzi aitwaye Sadrack, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufi ambaye hakuwahi kukimbia hata siku moja Beni ilipolia risasi. Aliwasalimu wote kwa mikono miwili, akawapeleka nyuma, na alipofika mbali kidogo na tangi akasimama.

"Mimi nasimama hapa," alisema. "Siku ile ya bale babili mimi njo nilishika mufuniko. Wa kwanza alishuka akinisimulia habari ya mechi ya mupira. Hakumaliza. Nilifikiri ananitania. Wa pili akaniambia, Sadrack, mutu wangu ameanguka, shika koti yangu. Hiyo koti ningali nayo."

"Wacha hizo," Vagheni alisema. Alikuwa mzee mnene, mpole wa sauti, aliyezoea kusikilizwa. "Fungueni."

Jokébed alipiga magoti, akaugonga mfuniko kwa kifundo cha kidole. Haukutoa sauti ndefu wala fupi. Ulitoa mlio wa kubanwa, kama ngozi ya ngoma iliyovutwa kupita kiasi. Hakuwahi kusikia chuma kikijibu vile.

Ananie na Syauswa walianza kufungua nati. Nyingine ilibidi zipigwe nyundo. Walipoilegeza ya mwisho na kupenyeza chuma kati ya mfuniko na mpira, sauti ilitoka, hiiiii, nyembamba na ndefu. Ananie aliruka nyuma akidhani ni gesi inayotoka. Lakini jani kavu la mgomba lililokuwa pembeni ya mfuniko lilitikisika, likateleza juu ya chuma, likanasa kwenye ufa, likavutwa ndani.

"Inavuta pumuzi," Sadrack alisema kule aliposimama.

Jokébed aliyaona tena maji yakipanda shingo ya chupa. Kule beseni lilikuwa na maji ya kujaza nafasi iliyoachwa. Hapa hapakuwa na maji ya kutosha, kwa hiyo nafasi ilikuwa imengoja, miaka yote hiyo, mpaka mtu afungue.

"Baba Tamar, usishuke," alisema. "Hiyo ni alama. Hewa ya ndani imekuliwa. Lete mushumaa."

"Mushumaa?" Vagheni aligeuka. Alinyoosha kidole kwenye ukuta, ambako mapipa ya petroli yalikuwa yamepangwa chini ya turubai. "Mama, unataka kutuchoma? Hapa hata sigara hapana. Hapa hakuna moto." Kisha akainama juu ya shimo, akavuta hewa puani kwa nguvu, akasimama. "Hainuki. Kama kungekuwa kitu kibaya tungesikia harufu. Ni safi."

"Muzee, ndiyo hiyo haiko na harufu."

"Kitu haiko na harufu, haiko na rangi, haionekani," Syauswa alisema. "Shemeji, unaongea kama bale balikuja kuomba."

Ananie alimshika mkewe bega. "Sikiliza. Umesikia mwenyewe ikivuta. Hewa imeingia, si ndiyo? Kama ilikuwa na njaa, sasa imekula."

Hoja hiyo ilimkwamisha. Ilikuwa kweli kwamba hewa imeingia. Lakini imeingia kiasi gani? Iliyoingia ni ya kujaza ile nafasi tu, sehemu moja kati ya tano, na sehemu nyingine nne zilizomo ni zile ambazo chuma hakikuzitaka kwa sababu hazina kitu cha kumpa yeyote. Aliliona jambo lenyewe wazi, kama linavyoonekana pipa lililopasuliwa kati. Maneno ya kulisema mbele ya wanaume watatu waliokuwa na haraka hayakuja.

"Tuiache wazi mupaka kesho," alisema tu. "Tupulize na pampu."

"Kesho?" Vagheni alisema kwa upole. "Mama, hapa Beni hatusemake kesho. Lazima turudi barabarani jua ingali juu, na depo hii siiachi usiku na citerne wazi."

Ananie alikuwa ameshavua viatu. Jokébed akaona kwamba hatamzuia. Ndipo akaichukua ile kamba.

"Basi utafungwa," alisema. "Chini ya makwapa. Na utaimba. Usinyamaze hata kidogo. Ukinyamaza tunavuta."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Hata matusi."

Ananie aliinua mikono afungwe, akiwatazama wengine kwa aibu ya mchezo. Jokébed alifunga fundo. Alilikaza mara mbili, akampa Syauswa ncha ya kamba, akaiviringisha mwenyewe pia kiunoni.

Ananie alitia mguu kwenye ngazi ya chuma iliyounganishwa ukutani mwa tangi, akashuka akiimba wimbo aliouzua papo hapo, kwa sauti ya kwaya.

"Mama Tamar amenifunga kamba, kama mbuzi wa soko! Ananipeleka kuuza, Mama Tamar, kama mbuzi wa soko!"

Syauswa alicheka. Hata Vagheni alitabasamu. Sauti ilipotoka ndani ya chuma ilikuwa kubwa kuliko mwenye kuiimba.

"Mununuzi anaomba réduction," Ananie aliendelea, na kichwa chake kikapotea chini ya ukingo, "anasema mbuzi ni muzee, kama mbuzi wa soko..."

"Unaona nini?" Syauswa aliita.

"Kutu tu. Mingi. Inaanguka kama ngozi ya... kama mbuzi wa soko."

Jokébed alisogea ukingoni. "Endelea na wimbo, Baba Tamar."

"Kama mbuzi," Ananie aliimba. Sauti ilikuwa ya mtu aliyefurahi, aliyelewa kidogo. "Kama mbuzi. Kama mbuzi wa. Kama..."

Kisha kukawa na kishindo laini, kama cha gunia linalowekwa chini, na kamba ikamvuta Jokébed kiuno.

"Ananie!" Syauswa aliita. "Ananie! Wacha mchezo!"

Syauswa aliitupa kamba, akavua koti kwa mikono miwili kama mtu anayewaka moto, akatia mguu wake ndani ya shimo. Jokébed alimrukia. Alimkumbatia tumboni kutoka nyuma, akajitupa chini na uzito wake wote, na wote wawili wakaanguka kifudifudi kwenye matope ya kutu.

"Niache! Ni ndugu yangu!"

"Ni bwana yangu! Ukiingia mutakuwa babili! Babili, unasikia? Kama bale! Shika kamba!"

"Anakufa mule!"

"Na wewe utakufa juu yake! Sadrack! Njoo! Vuta!"

Alikuwa bado amemshika Syauswa kwa mkono mmoja alipouona mkono wa mlinzi ukiipokea kamba. Sadrack alikuwa amekuja. Uso wake ulikuwa wa kijivu, macho ameyafumba ili asione shimo, lakini alivuta. Syauswa akafungua ngumi, akaishika kamba nyuma yake, na Vagheni, kwa tumbo lake na pumzi zake fupi, akaishika nyuma ya Syauswa. Kamba ilisuguana na ukingo. Ilikwama mara moja, kwenye ngazi labda, na Jokébed akalala kifua juu ya ukingo na kuitikisa, uso wake nje, pumzi yake ameizuia. Ikaachia.

Kichwa cha Ananie kilitokea kimelegea upande mmoja. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu, nywele zimejaa vumbi jekundu. Walimlaza chini. Jokébed alimbana pua, akampulizia kinywani, mara na mara tena, akimpigia kifua kwa kiganja katikati, akimwita kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo hakulitumia tangu wapate mtoto. Syauswa alikuwa amepiga magoti, ameshika mguu wa ndugu yake kwa nguvu kana kwamba bado angeweza kuteleza kurudi shimoni.

Ananie alikohoa. Akavuta hewa kwa sauti mbaya, ndefu, inayofanana na ile ya mfuniko ulipofunguka, na Sadrack aliposikia sauti hiyo aligeuka akatembea hadi ukutani.

Baada ya muda rangi ikarudi midomoni. Ananie alitazama mawingu, kisha mkewe, kisha kamba kifuani mwake.

"Mnangoja nini?" aliuliza polepole. "Nishuke sasa?"

Hakukumbuka ngazi, wala wimbo, wala mbuzi. Hakusikia maumivu yoyote, alisema baadaye, wala hofu. Mtu aliyeshuka akiimba alikuwa ameondolewa kwake bila kumwamsha.

Walimketisha kwenye kivuli cha gari, wakampa maji. Sadrack alirudi, akachuchumaa mbele ya Jokébed.

"Donc bale babili," alisema. "Haikuwa pepo?"

"Hapana, ndugu yangu. Ni kutu. Chuma ilikula hewa yote ya kupumua. Wa kwanza alishuka hakuna hewa. Wa pili alishuka kumusaidia, na pale pia hakuna hewa."

"Na mimi nilisimama nikingojea mwenye koti."

"Ungeshuka mungekuwa batatu."

Sadrack alifikiri. "Pepo ingekuwa afazali," alisema. "Pepo unaweza kuifukuza."

Vagheni aliketi juu ya tofali, mikono magotini, akimtazama Ananie. Mwishowe aliinuka akaenda kumshika mkono, akabaki ameushika. "Mutoto wangu," alisema. "Mimi sikukutoa kijijini kwenu nije kukumaliza hapa." Kisha akaagiza tangi lifungwe tena, na kazi ya mawese isitajwe kwake.

"Muzee, liache wazi," Jokébed alisema. "Ni kufungwa njo kunaifanya hivyo."

"Kuna batoto banaruka ukuta kuokota maembe. Akianguka mo ndani mumoja?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Syauswa alikwishaanza kuurudisha mfuniko. Jokébed akaomba rangi. Sadrack alileta kopo la rangi nyeusi iliyobaki walipopaka lango, na brashi iliyokauka ncha.

"Uandike hakuna hewa," Ananie alisema kutoka kivulini. Sauti yake ilikuwa bado ya mtu aliyeamshwa.

"Bakisoma hakuna hewa, batacheka," Syauswa alisema. "Hewa iko kila fasi. Batafungua ili baone." Alimtazama shemeji yake moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu waanguke pamoja. "Andika inakula batu. Hiyo bataiheshimu."

Jokébed alishika brashi juu ya chuma. Maneno ya Syauswa yangewazuia watu, lakini yalikuwa ya uongo, na uongo huo ndio ulioleta mpira na nati zile. Maneno ya Ananie yalikuwa ya kweli, lakini yangemwita kila mwenye kiburi aje ajaribu. Rangi ilidondoka tone. Akainama, akaandika kwa herufi za darasani, kubwa, moja moja: HEWA IMEKULIWA.

Syauswa alisoma, akasoma tena, akarudi nyuma hatua.

"Hiyo inaogopesha," alisema.

"Ni kweli tu," Jokébed alijibu.

Wakakaza nati. Jua lilikuwa limeanza kuinama na dereva alishawasha gari, akipiga honi fupi fupi kwa ajili ya barabara. Ananie alipandishwa nyuma, Syauswa akimkumbatia mabega kama mtoto. Jokébed alikuwa wa mwisho. Kabla ya kuondoka alipiga goti karibu na maandishi yaliyokuwa bado mabichi, akagonga mfuniko.

Sasa ulitoa sauti ndefu, ya kawaida, ya pipa zima lililojaa hewa. Aliisikiliza hadi ikaisha. Hewa ile waliiingiza wao wenyewe, mchana kutwa, juu ya chuma chenye maji, na mpira ulikuwa umebanwa vizuri; chuma kilikuwa kimeanza kula tena. Aliondoa mkono wake haraka, akaufuta kwenye kitenge, akaenda kupanda gari.